Dkt. Williamson wa Mwadui: maisha ya mtafuta almasi na kazi ya kupima dozi ya mionzi

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

Msafiri anayetoka mjini Shinyanga kuelekea Mwanza hupita Maganzo, mji mdogo wa Wilaya ya Kishapu ambao kwa miongo mingi umeishi kwa biashara ya almasi. Hapo njia huchepuka kwenda Mwadui. Mgodi ulioko huko bado unaitwa kwa jina la mtu mmoja, Dkt. John Thoburn Williamson, raia wa Kanada aliyegundua mwamba wa almasi wa Mwadui mwaka 1940 na kufariki dunia mwezi Januari 1958 akiwa na umri wa miaka 50. Wapo vijana wanaolijua jina la Mwadui kwa sababu ya timu ya soka iliyowahi kucheza Ligi Kuu, bila kujua habari za mtu aliyeuanzisha mji huo. Wazee wanamkumbuka zaidi kwa utajiri wake. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba aliuawa na saratani ya koo, ugonjwa ambao tiba yake ya mionzi inategemea usahihi wa vipimo, na kwamba miongoni mwa vifaa bora vinavyotumika leo duniani kufanya vipimo hivyo kimo kimoja kilichotengenezwa kwa almasi.

Williamson alizaliwa tarehe 10 Februari 1907 katika kijiji cha Montfort, jimbo la Quebec. Alijiunga na Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, na inaelezwa kwamba mwanzoni alivutiwa na masomo ya sheria. Safari moja ya kiangazi kwenda Labrador pamoja na kundi la wanajiolojia ilimbadilisha mwelekeo, akaamua kusoma miamba hadi akapata shahada ya uzamivu mwaka 1933. Hivyo cheo cha Daktari alichoitwa na wafanyakazi wake hakikuwa cha tiba. Udaktari wake ulikuwa wa mawe.

Alifika Afrika mwaka 1934, miaka ambayo mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umefunga migodi mingi. Alifanya kazi ya utafutaji madini Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, kisha akahamia Tanganyika na kuajiriwa na kampuni iliyochimba almasi huko Mabuki, eneo ambalo leo liko katika Wilaya ya Misungwi, Mkoa wa Mwanza. Kanda yote ya kusini mwa Ziwa Victoria wakati huo ilikuwa na watafuta madini wa kila namna. Upande wa Geita waliandama mishipa ya dhahabu, na upande wa Mabuki na Shinyanga waliandama punje za almasi zilizotawanyika juu ya ardhi bila mtu kujua zilikotoka.

Swali la zilikotoka ndilo lililomshika Williamson. Almasi hupandishwa kutoka chini kabisa ya ardhi na mwamba uitwao kimbalaiti, unaopanda kama bomba na kutokeza juu. Punje zilizookotwa Mabuki na kwingineko zilimwambia kwamba bomba kubwa lipo mahali fulani. Mwaka 1938 aliacha ajira akaanza kutafuta kwa gharama zake, akiwa na vibarua wachache, gari chakavu na chekeche za kuchuja kokoto. Fedha zilimwishia mara kadhaa na malaria ilimlaza mara nyingi. Aliyemwokoa ni Iqbal Chand Chopra, wakili wa Mwanza, ambaye aliamini hesabu za mjiolojia huyo akampa mtaji na baadaye akawa mbia wake. Mwezi Machi 1940 chekeche zilileta jibu huko Mwadui. Simulizi za wenyeji zinautaja mbuyu kama mahali jiwe la kwanza lilipopatikana, na kila msimulizi ana mbuyu wake. Kilichothibitika ni ukubwa wa ugunduzi: bomba la kimbalaiti la Mwadui lina eneo la juu la takriban hekta 146, nalo ni miongoni mwa makubwa zaidi yaliyowahi kuchimbwa kwa faida duniani.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea. Mitambo haikupatikana, mafundi walikuwa wachache, na kazi ya miaka ya mwanzo ilifanywa kwa nguvu za mikono ya Wasukuma na kwa mashine za kuungaunga. Kampuni ya Williamson Diamonds ilisajiliwa mwaka 1942. Baada ya vita ikawa mgodi wa kisasa wenye umeme wake, maji yake, shule, hospitali na mitaa ya nyumba za wafanyakazi, mambo ambayo hayakuwa ya kawaida katika koloni ambalo vijiji vingi havikuwa hata na zahanati. Lazima isemwe pia kwamba mji huo ulizungushiwa uzio, ulinzi ulikuwa mkali, na mgawanyo wa makazi na mishahara ulifuata rangi ya mtu kama ilivyokuwa kote Tanganyika.

Mmiliki mwenyewe aliishi kwa upweke. Hakuoa. Alizozana na kampuni kubwa ya De Beers kuhusu bei na kiasi cha almasi kinachopaswa kuuzwa, akafikia hatua ya kuzuia mawe yake yasiende sokoni, na hadi anakufa alikataa kuuza mgodi. Mwaka 1947 lilipatikana Mwadui jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5. Kwa kuwa karati moja ni gramu 0.2, uzito wake haukufika gramu 11. Williamson alimzawadia jiwe hilo Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, kwa ajili ya harusi yake ya Novemba mwaka huo. Lilikatwa London likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likawekwa katikati ya pambo lenye umbo la ua. Mwaka 1956 Margaret, mdogo wa malkia, alifika Mwadui kujionea mgodi.

Wakati jiwe hilo la waridi likizungumzwa magazetini, jambo jingine kuhusu almasi lilitokea bila kelele. Mwaka huohuo wa 1947, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yaliyoonesha kwamba almasi inaweza kutumika kuhesabu mionzi ya gama. Kanuni yake si ngumu kueleza. Mionzi inapopita ndani ya jiwe huzitoa elektroni katika nafasi zake, na umeme mdogo ukiwekwa pande mbili za jiwe, elektroni hizo huzalisha mkondo unaoweza kupimwa. Si kila almasi inafaa. Nyingine, ingawa ni safi machoni pa sonara, hunasa elektroni njiani na kutoa majibu ya uongo. Thamani ya jiwe dukani na thamani yake maabara ni vitu viwili tofauti, na sonara hana kipimo cha kuvitenganisha.

Kisha Williamson akaugua koo.

Saratani ya koo, hasa ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti, huanza na sauti ya kukwaruza isiyopona. Ikigundulika mapema, mionzi pekee inaweza kuimaliza na mgonjwa akabaki na sauti yake. Miaka ya mwanzo ya 1950 mashine nyingi za tiba zilikuwa za eksirei za nguvu ndogo, ambazo ziliunguza ngozi kabla ya kufika kwenye uvimbe. Mashine za kobalti-60, zenye mionzi inayopenya zaidi, zilianza kutibu wagonjwa mwaka 1951, na za kwanza mbili zilikuwa nchini kwake Kanada, katika miji ya London ya Ontario na Saskatoon. Hata kipimo cha kimataifa cha nishati inayobaki ndani ya mwili baada ya kupigwa mionzi kilikubaliwa mwaka 1953 tu. Kabla ya hapo wataalamu walipima zaidi mionzi iliyopo hewani, si ile iliyofyonzwa na nyama ya mgonjwa. Kwa maneno mengine, mtu aliyejenga maisha yake juu ya mizani inayotofautisha sehemu ya mia ya karati alipatwa na ugonjwa katika zama ambazo mizani ya tiba yake ndiyo kwanza ilikuwa inatengenezwa. Alifariki Mwadui. Mwaka huohuo wa 1958 warithi wake waliuza mgodi kwa De Beers na Serikali ya Tanganyika, kila mmoja nusu.

Kipimo kinachotumika sasa kinaitwa gray, kwa heshima ya mwanafizikia Mwingereza Louis Harold Gray aliyezaliwa mwaka mmoja na miezi mitatu kabla ya Williamson. Gray moja ni joule moja ya nishati katika kilo moja ya mwili. Mgonjwa wa saratani ya koo kwa kawaida hupewa jumla ya takriban gray 70, gray 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa muda wa wiki 7. Kiasi hicho chote kikimwagwa katika maji kwa mara moja kingeyapasha joto kwa chini ya sehemu moja ya hamsini ya nyuzi moja. Mkono hauwezi kuhisi tofauti hiyo. Lakini ndiyo tofauti kati ya kupona na kutopona, maana sentimita chache nyuma ya koo upo ugwe wa neva ndani ya uti wa mgongo, ambao ukipewa zaidi ya gray 50 hivi kwa mpangilio wa kila siku unaanza kuwa hatarini na mgonjwa anaweza kupooza. Dozi ikipungua, uvimbe hurudi. Ndiyo sababu wataalamu duniani wanalenga dozi inayomfikia mgonjwa isipishane na iliyoandikwa kwa zaidi ya asilimia 5.

Kwa miale mipana, yenye upande wa sentimita 10 kwa mfano, usahihi huo unafikiwa kwa kifaa kinachoitwa chemba ya ayoni. Ni kijitundu cha hewa chenye umeme, kinachotumbukizwa ndani ya tangi la maji, kwa sababu maji yanafanana sana na nyama ya mwili. Tatizo huja miale inapokuwa myembamba, chini ya sentimita 3 hivi. Miale ya namna hiyo hutumika kulenga uvimbe mdogo wa ubongo, na mashine za kisasa hutibu hata koo kwa kuunganisha vipande vingi vidogo vya miale kutoka pande mbalimbali ili kuukwepa ugwe wa neva.

Anayetaka kuelewa ugumu wake afikirie tundu dogo katika bati la nyumba wakati wa mvua. Akiweka karai pana chini yake na kupima kina cha maji, atapata kina kidogo, kwa kuwa maji ya tundu moja yametandazwa kwenye karai zima. Mahali tone linapoangukia, ardhi inachimbika. Chemba ya kawaida ina tundu la hewa lenye urefu wa zaidi ya sentimita 2. Ikiwekwa kwenye mwale wa sentimita 1, sehemu yake kubwa inakuwa nje ya mwale, na namba inayosomwa inakuwa ndogo kuliko ukweli. Mtaalamu akiiamini, ataona mashine ni dhaifu na ataongeza muda wa kumpiga mgonjwa. Kosa la kupima kidogo huishia katika kutoa kingi.

Lipo na jambo la pili. Elektroni zinazorushwa na mionzi ndani ya mwili husafiri pembeni kidogo kabla ya kutua. Katikati ya gulio kubwa, kila anayeondoka nafasi yake huchukuliwa na mwingine anayeingia, idadi ikabaki ileile. Katika gulio la vibanda vitatu, anayeondoka ameondoka. Ndivyo ilivyo kwenye mwale mwembamba, ambapo elektroni zinazotoka hazifidiwi, na hewa iliyomo ndani ya chemba, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, huzidi kuvuruga hesabu.

Haya hayakubaki vitabuni. Katika mji wa Toulouse nchini Ufaransa, kati ya Aprili 2006 na Aprili 2007, wagonjwa 145 walipewa dozi iliyozidi katika tiba ya ubongo kwa sababu miale myembamba ilipimwa kwa kifaa kikubwa kupita kiasi. Huko Springfield katika jimbo la Missouri, Marekani, kosa la aina hiyohiyo lilidumu tangu mwaka 2004 hadi 2009, na wagonjwa 76 walipata takriban asilimia 50 zaidi ya dozi waliyopangiwa. Mashine zilikuwa mpya na zilifanya kazi kama zilivyoagizwa. Wahudumu walikuwa na elimu. Kilichokosewa ni uchaguzi wa kipimo siku ya kwanza, na kosa likarithiwa na kila mgonjwa aliyefuata.

Hapo ndipo almasi inaporejea katika habari hii. Almasi ni kaboni tupu, na atomu ya kaboni ina namba 6, karibu na wastani wa nyama na maji. Silikoni, inayotumika katika vipimo vingine vidogo, ina namba 14 na hufyonza kupita kiasi mionzi ya nguvu ndogo. Zaidi ya hayo, almasi hutoa mkondo mkubwa kuliko hewa hata ikiwa ndogo kabisa. Kwa miaka mingi vipimo hivyo vilitengenezwa kwa mawe ya asili yaliyochambuliwa moja moja. Mawe yaliyofaa yalikuwa machache, bei yake ilikuwa kubwa, na kila jiwe lilikuwa na tabia yake iliyohitaji kujifunzwa upya. Tangu muongo wa 2010 vimeenea vipimo vya almasi iliyokuzwa maabara, tabaka juu ya tabaka, kutokana na gesi yenye kaboni. Sehemu inayopima katika kimoja kinachotumika sana ina upana wa milimita 2 na zaidi kidogo, na unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Williamson asingeliona jiwe hilo kwenye chekeche yake.

Hata hivyo almasi si mwarobaini. Uzito wake ni mara tatu na nusu ya uzito wa maji yenye ujazo uleule, na katika miale myembamba sana uzito huo nao huvuruga hesabu. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilichapisha mwongozo mahususi wa kupima miale midogo, wenye majedwali ya marekebisho kwa kila aina ya kifaa na kila ukubwa wa mwale. Mtaalamu anatakiwa kupima kwa vifaa vya aina zaidi ya moja na kulinganisha majibu kabla ya mgonjwa wa kwanza kulala kitandani.

Nchini Tanzania, udhibiti wa mionzi uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003 na yenye makao makuu Arusha. Tume ina maabara ya viwango ambako vipimo vya mionzi huhakikiwa, ili namba inayosomwa hospitalini iwe na uhusiano na viwango vya kimataifa. Tiba ya mionzi inatolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, yenye pia mashine za LINAC, na kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa inapatikana katika Hospitali ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971. Mgonjwa wa Kishapu au Kahama hufika Bugando kwa barabara. Mgonjwa wa Geita, Katoro au Nyarugusu kwa miaka mingi alisubiri kivuko cha Kigongo na Busisi, na tangu Juni 2025 anavuka kwa Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa takriban kilomita 3. Kwa tiba inayotaka mtu ahudhurie siku 5 kwa wiki kwa wiki 7, saa moja inayookolewa njiani si jambo dogo.

Wananchi wanaosindikiza wagonjwa katika hospitali za mionzi wakati mwingine hulalamika wanapoona mashine haijaanza kutibu huku wataalamu wa fizikia tiba wakiwa wamejifungia chumbani. Malalamiko hayo yanaeleweka kwa mtu aliyeamka alfajiri. Kinachofanyika humo ni kuweka kipimo mahali pa mgonjwa, kuwasha mashine, kusoma namba na kuilinganisha na ya jana. Ikiwa haijalingana, hakuna anayelala kitandani siku hiyo mpaka sababu ijulikane.

Huko Mwadui uchimbaji unaendelea zaidi ya miaka 80 tangu chekeche za mwaka 1940, Serikali ikiwa mbia katika mgodi. Jiwe la waridi limebaki Uingereza. Bomba la kimbalaiti halijamalizika.